Kufunga tairi pana nyuma kwa pikipiki ya mchangani: hatua kwa hatua kutoka Tandahimba

Mwezi wa 9 ukikaribia kuisha, gereji yangu hapa Tandahimba inapokea ombi moja kuliko mengine yote. Korosho zimeanza kudondoka, ghala za vyama vya msingi zinafagiliwa, na kila kijana mwenye pikipiki anajua kwamba si muda mrefu atakuwa anatoa magunia shambani, kwenye vinjia vya mchanga ambao ukishusha mguu unazama hadi kifundo. Anafika, anaegesha chini ya mwembe, anasema: "Shikamoo fundi. Nifungie tairi pana nyuma."

"Marahaba. Pana kiasi gani?"

Hapo ndipo tunapovuta viti, maana wengi wana jibu moja tu: lile pana kuliko yote dukani.

Hata mimi nilianzia huko. Pikipiki yangu ilikuwa na tairi la 3.00-17, nikanunua 110/90-17 kwa kuwa muuzaji alinihakikishia linaingia bila shida. Likaingia kweli. Nikampakia mama mmoja na ndoo zake mbili kwenda Mahuta. Njiani nikawa nasikia mkwaruzo kila pikipiki ikibonyea, nikadhani ni madigadi. Niliposimama kuangalia, cheni ilikuwa imechonga ubavu wa kushoto wa tairi mzunguko mzima, na nyuzi nyeupe za ndani zimechungulia nje. Yule mama akainama, akapitisha kidole kwenye ule mfereji, akaniuliza, "Baba, hili lingepasuka kule mteremkoni tungekuwa wapi?" Nilikokota pikipiki hadi kijiji kilichofuata, naye akitembea pembeni yangu. Tangu siku hiyo sifungi tairi pana bila kupima kwanza, na vipimo vyenyewe ndivyo nitakavyovieleza hapa.

Soma tairi ulilonalo

Chuchumaa pembeni ya tairi la nyuma, futa vumbi, soma ubavuni. Pikipiki nyingi za abiria za cc 100 hadi 150 huku kwetu zina 3.00-17 au 3.00-18 nyuma, na mbele 2.75. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi mengine huandikwa kwa milimita: 90/90-17 maana yake ni upana wa milimita 90, kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Hiyo namba ya mwisho haibadiliki. Rimu ya 17 inataka tairi la 17, hata kama rafiki yako anakuuzia la 18 kwa bei ya bure.

Sasa linganisha. Tairi la 3.00-17 likijazwa upepo lina upana wa karibu milimita 80 na kimo cha sentimita 59 hivi kutoka chini hadi juu. La 90/90-17 linaongeza milimita 10 za upana huku kimo kikibaki karibu palepale. La 3.50-17 lina upana wa karibu milimita 93 na limeinuka hadi sentimita 61 au 62. La 110/90-17, lile lililonitesa mimi, lina upana wa milimita 110 na kimo cha sentimita 63. Weka namba hizi kichwani kwa sababu kila tatizo la mbele litatokana na mojawapo: upana unagombana na cheni, kimo kinagombana na madigadi na gia.

Ushauri wangu kwa anayebeba abiria, nusu lami nusu mchanga, tuseme mtu anayeshinda kwenye kipande cha lami cha Mtwara hadi Mnivata kisha anachepuka vijijini, ni 90/90-17 na asizidishe. Anayetoa mizigo mashambani msimu mzima, 3.50-17. Zaidi ya hapo, kwa pikipiki hizi zetu ndogo, sifungi.

Rimu ndiyo inayoamua

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena mafundi tukiwemo. Mtu ananunua tairi pana analivisha kwenye rimu ileile nyembamba. Tairi linakubali kuingia, upepo unakaa, kwa macho linapendeza. Lakini rimu nyembamba inazibana kingo mbili za tairi zikaribiane, na tairi linavimba katikati kama chapati iliyokunjwa. Sehemu inayokanyaga ardhi inabaki ukanda mwembamba wa katikati, yaani ule upana uliolipia hela hauugusi mchanga kabisa. Ukiwa na mzigo, mbavu zinalegalega na pikipiki inayumba nyuma kama imepata pancha. Umetumia fedha kununua hasara.

Upana wa rimu umegongwa kwenye rimu yenyewe, mara nyingi karibu na tundu la valvu: 1.60x17, 1.85x17, 2.15x17. Huo ni upana wa ndani, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa inchi. Kama kutu imekula maandishi, toa tairi upime kwa rula, na kumbuka kupima ndani ya kingo, si nje. Rimu ya 1.60 ni ya 2.75 au 3.00, usiiongezee kitu. Rimu ya 1.85 inabeba 3.00 vizuri sana, na inaweza kubeba 90/90 au 3.50 ingawa hapo imefika mwisho wake. Rimu ya 2.15 ndiyo mahali pake 90/90 na 3.50. La 110/90 linapendelea 2.50.

Kwa hiyo mwenye 1.60 anayetaka 3.50 anahitaji rimu mpya. Tunabadilisha rimu na kuacha habu (kitovu cha gurudumu) ileile, na sababu yake nitaieleza. Kama pikipiki yako ina rimu za kumiminwa, zile zisizo na spoku, hakuna kusuka upya: ama unakubali upana ambao rimu hiyo inaruhusu, ama unatafuta gurudumu zima la spoku la modeli yako.

Wapo wanaoniletea gurudumu zima la pikipiki kubwa zaidi, limetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, wanasema nifunge tu. Ekseli yake ina unene tofauti, habu ni pana au nyembamba kuliko nafasi iliyopo, sproketi (duara la meno linalovutwa na cheni) inakaa kwenye mstari mwingine, na mkono unaoshikilia sahani ya breki (mfuniko wa habu unaobeba breki shuu) hauna pa kujifunga. Kila kimoja kina dawa, lakini dawa hizo ni kuchonga bushi, kuchomelea na kubahatisha, na breki ya nyuma si mahali pa kubahatisha. Habu yako ya zamani inajua ekseli yako, breki yako na cheni yako. Iache.

Pima nafasi kabla ya kwenda dukani

Hatua hii haina gharama. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali pagumu na palipo sawa. Hapa kwetu mchanga umejaa hadi mlangoni, basi weka ubao chini ya stendi.

Anza upande wa cheni, kushoto. Pima kwa rula kutoka ubavu wa tairi hadi ukingo wa ndani wa cheni, pale tairi lilipojaa zaidi. Zungusha gurudumu pole pole upime mahali 4, kwa sababu tairi au rimu inaweza kuwa imepinda, na unatafuta mahali pembamba kuliko pote. Kisha pima kutoka ubavu hadi kwenye swingi amu, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Upande wa kulia angalia pia ule mkono unaoshikilia sahani ya breki na fimbo ya breki yenyewe. Mbele ya tairi, pima hadi kwenye chuma kinachounganisha mikono miwili ya swingi amu. Mwisho, pima juu hadi kwenye madigadi.

Sasa piga hesabu. Kutoka 3.00 hadi 3.50 unaongeza milimita 13 jumla, yaani 6 au 7 kila upande. Kutoka 3.00 hadi 90/90 ni 5 kila upande. Hadi 110 ni 15 kila upande. Toa kwenye nafasi uliyoipima. Kinachobaki upande wa cheni kisipungue milimita 8, na kwenye vyuma visivyosogea kisipungue 10, kama unene wa kidole kidogo. Watu huniuliza kwa nini nadai nafasi kubwa hivyo wakati tairi halitembei kwenda pembeni. Linatembea. Spoku zinajipinda ukiwa na mzigo, beringi zina ulegevu wake, cheni inacheza, na tope la masika likigandia ubavuni linasugua kama msasa.

Ukitaka kuona kwa macho, kata kipande cha boksi gumu chenye upana wa tairi jipya na umbo la mgongo wake, kibandike juu ya tairi la zamani kwa gundi ya karatasi, hakikisha kimekaa katikati, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Nina vipande viwili vya namna hiyo nimevitundika ukutani, kimoja cha 90 na kimoja cha 93, vimeshika grisi hadi vimekuwa vyeusi.

Kwa upande wa madigadi, hesabu peke yake haitoshi kwa sababu shokapu zinabonyea. Waombe watu wawili wazito wakae juu, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa kwenye kerea, warukeruke kidogo huku wewe umeinama unatazama. Tairi la 3.50 litapanda karibu sentimita 1.3 zaidi ya lile la zamani. Kama sasa hivi, wakiruka, nafasi inayobaki ni chini ya sentimita 3, jua kwamba kwa gunia la kilo 80 na shimo moja la barabarani tairi litalamba madigadi, na ndani ya madigadi ya pikipiki nyingi mna bolti zimechomoza. Hizo hukata tairi.

Namba zikikataa, zimekataa. Wengine hutaka nisogeze rimu kwenda kulia ili kukimbia cheni, kwa kukaza spoku za upande mmoja zaidi. Inawezekana, lakini gurudumu la nyuma halifuati tena mstari wa la mbele, na pikipiki inavuta upande mmoja mikono ikiachiwa. Kwa mchangani, ambako usukani tayari unakupigania, sifanyi hivyo.

Vitu vya kununua

Rimu ya 2.15x17, chuma, matundu 36, ila hesabu kwanza spoku zako. Spoku mpya za urefu uleule, iwapo za zamani zina kutu au zimelegea mara kwa mara. Beba spoku 2 za mfano, moja ya ndani na moja ya nje, kwa kuwa kwenye habu nyingi hazilingani. Tyubu ya saizi ya tairi jipya, si ya tairi la zamani. Tyubu ndogo ikivutwa ijaze tairi kubwa inakuwa nyembamba na pancha zinafuatana. Utepe wa raba wa kufunika vichwa vya spoku ndani ya rimu.

Tairi lenyewe, angalia vitu viwili. Kwanza mzigo: baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 50P au 57P. Namba 50 ni kilo 190 kwa tairi hilo, 54 ni kilo 212, 57 ni kilo 230. Mbeba magunia asichukue namba ndogo kuliko ya tairi lake la mwanzo hata kama jipya ni pana zaidi. Pili umri: tafuta tarakimu 4 ndani ya umbo la yai ubavuni. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi kwenye joto letu hili huwa limekauka, na ukilikunja kidogo utaona nyufa nyembamba kati ya kashata, vile vipande vya raba vinavyokanyaga ardhi. Lirudishe.

Tairi likiandikwa TUBELESS bado unaliwekea tyubu, maana rimu ya spoku inavujisha upepo kwenye kila tundu.

Kufungua

Kabla ya kugusa spana, piga picha pande zote mbili kwa simu: cheni, ajasta (zile bolti za kukaza cheni), bushi za ekseli zimekaa upande gani, mkono wa breki umefungwaje. Bushi mbili za ekseli zinafanana sana zikiwa mkononi, na hazifanani kabisa zikiwa zimekosewa.

Toa fimbo ya breki, usipoteze springi yake. Toa spliti pini na nati ya mkono wa breki. Legeza ajasta, legeza nati ya ekseli, sukuma gurudumu mbele, shusha cheni kwenye sproketi, vuta ekseli. Hakuna la ajabu hapa. Lakini ukiwa umefungua, tumia nafasi hiyo: weka kidole kwenye beringi uzungushe, ikikwaruza ibadilishe, angalia raba za ndani ya habu, breki shuu, na meno ya sproketi. Meno yakiwa yamelala kama ndoano, cheni na sproketi zote mbili zimeisha, na kufunga tairi jipya juu ya cheni iliyoisha ni kupoteza muda wako.

Kusuka rimu

Kazi hii inataka utulivu na kivuli. Kabla ya kulegeza spoku hata moja, laza gurudumu la zamani na upime jambo moja: weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa rimu upande wa sproketi, pima kutoka ubao hadi uso wa habu pale sproketi inapokaa. Andika. Kisha fanya hivyo upande wa breki. Namba hizi ndizo zinazokuambia rimu ya zamani ilikaa wapi kati ya habu. Rimu mpya ni pana zaidi kwa inchi 0.30 au 0.55, kwa hiyo kingo zake zitatoka kwa nusu ya tofauti hiyo kila upande: ukihama kutoka 1.85 kwenda 2.15, ni milimita 4 hivi kila upande, kutoka 1.60, ni milimita 7. Katikati ya rimu lazima ibaki palepale.

Njia rahisi kwa asiyezoea ni kulaza rimu mpya sambamba na ya zamani, matundu ya valvu yameelekeana, kisha kuhamisha spoku moja moja kutoka tundu la zamani kwenda tundu linalolingana nalo. Chovya kila uzi wa spoku kwenye tone la oili. Kaza nati za spoku kwa vidole tu mpaka zote ziwe zimeingia sawasawa, kisha anza na spana ya spoku, nusu mzunguko kila moja, ukianzia kwenye valvu na kurudi kwenye valvu. Usikimbilie kukaza moja hadi mwisho. Rimu itageuka yai.

Weka gurudumu kwenye ekseli iliyobanwa, funga waya mwembamba karibu na ukingo, zungusha. Kwanza nyoosha kupanda na kushuka, kisha kushoto na kulia. Rimu ikienda kushoto, kaza kidogo spoku za kulia mahali pale na legeza za kushoto kiasi kilekile. Ukifika ambapo waya na rimu havitofautiani zaidi ya milimita 1, umefanya kazi nzuri. Ikizidi 2 usiifunge. Gonga kila spoku kwa bisibisi usikilize. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea, na ndiyo itakayokatika kwanza halafu ivute wenzake.

Spoku yoyote iliyochomoza juu ya nati yake ndani ya rimu, isage kwa tupa mpaka iwe sawa. Kisha vaa utepe wa raba.

Kuvisha tairi

Angalia mshale ubavuni unaoonyesha uelekeo. Paka kingo maji ya sabuni, ingiza ukingo mmoja, weka tyubu ikiwa na upepo kidogo sana ili isijikunje, kisha malizia ukingo wa pili ukianzia upande ulio mbali na valvu na kumalizia penye valvu. Siri ya kutotumia nguvu ni kukanyaga kwa magoti upande uliokwisha ingia ili ukingo ushuke kwenye bonde la katikati la rimu. Ukiona unahitaji chuma kirefu na nguvu za watu wawili, ukingo haujashuka bondeni, na chuma chako kiko karibu kuitoboa tyubu mpya.

Jaza upepo, toa wote, jaza tena. Ule mstari mwembamba wa raba unaozunguka ubavu karibu na rimu uonekane kwa umbali sawa kila mahali. Ukizama sehemu moja, toa upepo, paka sabuni, rudia.

Kurudisha na kunyoosha

Rudisha kama picha zako zinavyoonyesha. Mkono wa sahani ya breki ufungwe, nati yake ikazwe, na spliti pini mpya iingie. Ukiusahau huo, siku ya kwanza utakayokanyaga breki sahani yote itazunguka na gurudumu litafunga ghafla. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili.

Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya urefu wake wa chini, ukiwa umezungusha gurudumu kutafuta mahali ilipokaza zaidi. Alama za kwenye swingi amu si za kuaminiwa sana, hasa kama pikipiki imewahi kuanguka. Pima kwa utepe kutoka katikati ya bolti ya swingi amu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, zilingane.

Halafu uzi. Zungusha uzi mrefu nyuma ya tairi la nyuma kwa kimo cha ekseli au chini kidogo, vuta ncha zake mbili hadi mbele ya tairi la mbele, kila upande, ukigusa kingo za mbele za tairi la nyuma bila kulikunja. Tairi la mbele ni jembamba zaidi, kwa hiyo uzi hautaligusa; utaacha nafasi. Kama nyuma ni 93 na mbele 75, nafasi iwe milimita 9 kila upande. Kushoto ikiwa 12 na kulia 6, gurudumu limekaa upande, ama ajasta ama rimu yako haiko katikati. Rudi ukatafute.

Rekebisha breki na swichi ya taa yake, kwa sababu fimbo imesogea.

Gia imekuwa nzito

Ukifunga 90/90, ruka sehemu hii. Ukifunga 3.50, kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 4. Kwenye lami utaona injini imetulia kidogo. Kupanda mlima na mzigo, kwa mfano pale Kitangari, utaona gia ya 2 haitoshi na unashuka ya 1 mapema. Mshale wa spidi haudanganyi, maana kwenye pikipiki nyingi hizi unasoma gurudumu la mbele.

Dawa ni sproketi kubwa ya nyuma. Kama yako ina meno 42, ya 44 inarudisha nguvu yote. Lakini kuna mtego. Meno 2 zaidi yanakula cheni, na gurudumu linasogea mbele kwa milimita 6 hivi, wakati tairi refu nalo limeshasogelea chuma cha mbele cha swingi amu. Mara nyingi inabidi kuongeza jozi moja ya cheni, na hapo gurudumu linarudi nyuma milimita 6 kuliko mwanzo. Basi amua suala la sproketi kabla ya kukata cheni mpya, na pima ile nafasi ya mbele upya baada ya kufunga.

Chaki, upepo na siku za mwanzo

Paka chaki mgongo na mbavu za tairi jipya. Pakia mzigo wa kawaida, endesha kilomita 2 pole pole, pita kwenye mashimo machache kwa makusudi, rudi uangalie chini ya madigadi, ndani ya cheni na kwenye swingi amu. Chaki ikionekana popote, hapo panagusa. Hakuna kusema itajizoesha.

Kwa lami na abiria jaza psi 32 (psi ni kipimo cha upepo) au kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema. Peke yako, 28. Mchangani ndipo upepo unapofanya kazi kubwa kuliko hata upana. Tairi la 3.00 lenye psi 20 linaelea kwenye mchanga wa Tandahimba kuliko la 3.50 lililojazwa 35, na hili nimewaonyesha vijana kwa kuendesha mbele yao kwenye kichaka cha mikorosho nyuma ya gereji. Lakini usishuke chini ya 18 ukiwa na tyubu: tairi linateleza juu ya rimu, linavuta tyubu, na valvu inakatika shingoni. Angalia valvu kila jioni. Ikisimama wima, salama. Ikiinama upande, tairi limeanza kutembea; toa upepo, lirudishe, jaza zaidi kidogo. Nunua pampu ndogo ya mkono, kwa sababu ukitoka mchangani na kuingia lami na psi 20 na abiria, tairi linapata moto na kuharibika kutoka ndani.

Na tairi la mbele lisiwe kipara. Nyuma pana na mbele kipara, usukani utazama na kukugeuza kabla tairi jipya halijakusaidia kitu.

Baada ya kilomita 50 rudi kukaza spoku, zote mpya hulegea zikitulia. Rudia tena kwenye 300. Nati ya ekseli, spliti pini, uchezaji wa cheni. Upana haukuongeza nguvu ya shokapu wala ya beringi, kwa hiyo magunia yabaki yaleyale uliyokuwa ukibeba mwaka jana.

Rimu ya zamani usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake oili, ifunge kwenye kiroba pamoja na tairi lake na spoku zake zilizo nzima, itundike ndani. Ukirudi kubeba abiria wa lami tupu baada ya msimu, utaitaka.